Ubaridi wa Nyumba za Lamu

Historia tuliyokaririshwa shuleni ilikuwa ya wafalme na vita. Hakuna aliyetuuliza: watu wa Lamu, mji ulio jirani na ikweta, walilalaje kabla ya umeme kuja? Mimi niliyeishia kidato cha nne nimelitafuta jibu, na jibu lenyewe limo ukutani.

Nyumba za mawe za Lamu, nyingi za karne ya 18, zilijengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta zina unene wa karibu nusu mita. Ukuta kama huo hauna haraka ya kupata moto. Joto la mchana huchelewa humohumo. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, maana boriti ya mkoko hutosha upana wa takriban mita 3 tu. Ndani kuna ua usioezekwa, wenyewe wanauita kiwanda. Hewa ya moto hupandia hapo ikatoka. Nje, vichochoro vimebanana hadi nyumba hii humpa jirani kivuli. Hakuna pangaboi, hakuna bili.

Lakini tusidanganyane. Mji ule ulikuwa na watumwa. Nao walifanya kazi, matajiri wakapata ubaridi. Chokaa nayo ilichomwa kwa kuni nyingi. Anayeusifu ukuta bila kumtaja mtumwa anaandika tangazo, si historia.

Sasa tujitazame. Chumba ninachopanga ni cha bati bila dari, dirisha moja, tena linatazama machweo. Ikifika saa tisa alasiri, kalamu inateleza kwa jasho. Na kule mjini ghorofa za vioo zinameza jua, halafu zinalipia mashine ya kulitoa. Huu ndio usasa?

Sisemi tukachimbe matumbawe tena. Hayo ni makazi ya samaki. Nasema tuchukue akili ya wale mafundi: madirisha yatazame kaskazini na kusini, hewa iingie huku itokee kule, baraza ikinge ukuta, mti uachwe usimame. Hayo hayahitaji mtambo.

Lamu iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Vizuri. Ila urithi wa fundi umo kichwani na mikononi mwake, akifa anaondoka nao. Wenzangu mnaotafuta visa vya kuandika, mfuateni kabla hajaenda.