Rais, Majaji na Kamati ya Seneti

Mwezi wa Novemba 1936 Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alirudishwa madarakani kwa ushindi mkubwa ajabu. Majimbo 46 kati ya 48 ya nchi yake wakati ule yalimchagua, na katika Seneti chama chake cha Democratic kilishika zaidi ya robo tatu ya viti. Mtu mwenye nguvu za namna hiyo angedhaniwa kuwa hana wa kumpinga. Walakini walikuwako wazee tisa ambao hawakuchaguliwa na raia, wala Rais hakuweza kuwaondoa. Hao walikuwa majaji wa Mahakama ya Juu.

Chanzo cha ugomvi kilikuwa umaskini. Tangu mwaka 1929 biashara ya Marekani ilikuwa imeanguka, na kufikia mwaka 1933 karibu mfanyakazi mmoja katika kila wanne hakuwa na kazi. Roosevelt alipitisha sheria nyingi za kuwainua wakulima na wafanyakazi. Mahakama ikazipima kwa mizani ya Katiba, na kadhaa zikaonekana pungufu. Mei 1935 ilibatilisha sheria kuu ya kusimamia viwanda, katika kesi ya ndugu waliokuwa wakiuza kuku Brooklyn. Januari 1936 ikafuata sheria ya kuwasaidia wakulima. Na Juni mwaka huo huo ikaanguka sheria ya jimbo la New York iliyoweka kima cha chini cha mshahara wa wanawake. Hukumu hii ya mwisho ilipita kwa majaji watano dhidi ya wanne. Fikiri, msomaji: kura ya mzee mmoja tu ilitosha kumpunguzia mwanamke mfua nguo ujira wake.

Tarehe 5 Februari 1937 Rais alipeleka bungeni mpango wake. Alitaka kwamba kwa kila jaji aliyepita umri wa miaka 70 bila kustaafu, apewe ruhusa ya kuteua jaji mwingine mmoja, hadi sita. Majaji sita walikwisha pita umri huo. Kwa hiyo tisa wangeweza kuwa kumi na tano. Katiba haikumkataza, maana haitaji idadi ya majaji. Bunge lilikuwa limeibadili mara kadhaa, na tisa ilikuwa hesabu ya tangu 1869. Udhaifu wa mpango ulikuwa katika sababu iliyotolewa. Rais alisema kwamba majaji ni wazee na kazi imewalemea. Kwamba hukumu zao zilimkera, hilo hakulitaja, ingawa kila mtu alilijua. Katika hotuba ya redio ya tarehe 9 Machi aliusema ukweli wenyewe, lakini maji yaliyokwisha mwagika hayazoleki.

Mswada ukafika mbele ya Kamati ya Sheria ya Seneti, yenye wajumbe 18, chini ya uenyekiti wa Henry Ashurst wa Arizona. Vikao vilianza tarehe 10 Machi, na Mwanasheria Mkuu Homer Cummings akawa wa kwanza kuutetea. Hoja za upande wa serikali zisidharauliwe. Raia wamepiga kura, Bunge limetunga sheria. Je, watu watano waliopewa kiti cha maisha wana haki gani ya kulirudisha taifa zima nyuma? Swali hilo halina jibu jepesi. Wapinzani nao waliuliza: Rais huyu akiongeza sita ili apate hukumu azitakazo, Rais ajaye atazuiwa na nini asiongeze sita wengine?

Tarehe 22 Machi aliingia Seneta Burton Wheeler wa Montana. Huyu alikuwa mtu wa chama cha Rais, tena aliyemuunga mkono tangu mapema. Ndiyo maana maneno yake yalipenya. Mkononi alikuwa na barua ya Jaji Mkuu, Charles Evans Hughes. Ilikuwa barua kavu, yenye hesabu za kesi. Ilieleza kwamba Mahakama haikuchelewa katika kazi yake, na kwamba majaji wakiongezwa kazi itazidi kwenda polepole, kwa kuwa watakuwapo watu wengi zaidi wa kusikilizwa na wa kushawishiwa. Louis Brandeis, mwenye miaka 80 na mzee kuliko wenzake wote, aliikubali barua hiyo. Na Brandeis hakuwa adui wa maskini hata kidogo. Hoja ya uzee ikafa siku ile.

Wiki moja baadaye Mahakama yenyewe ikageuka. Kwa watano dhidi ya wanne iliikubali sheria ya mishahara ya wanawake ya jimbo la Washington, katika kesi ya msafishaji wa vyumba vya hoteli. Watu wakasema kwamba Jaji Owen Roberts ameogopa. Usemi huo una utamu, ila tarehe zinaupinga, kwani alikuwa amekwisha piga kura yake faraghani Desemba 1936, kabla mpango haujatangazwa. Kwa Rais, hata hivyo, pigo lilikuwa lile lile: dawa ilikuwa haijanywewa na mgonjwa ameanza kuinuka. Tarehe 18 Mei Jaji Willis Van Devanter akatangaza kustaafu. Siku hiyo hiyo kamati ikapiga kura. Kumi waliukataa mswada, wanane wakaukubali. Na katika wale kumi, saba walikuwa wa chama cha Rais.

Taarifa ya kamati ya tarehe 14 Juni ni kali. Ilitaka mpango ukataliwe kwa namna ambayo mfano wake hautaletwa tena kamwe mbele ya wawakilishi wa watu huru. Kwa maoni yangu ilitia chumvi, maana hesabu ya majaji si nguzo ya Katiba. Lakini jaji anayejua kwamba hukumu isiyompendeza Rais italeta majaji wapya, masikio yake hayako tena kwa wenye kesi. Yanasikiliza nyayo mlangoni.

Joseph Robinson, kiongozi wa chama katika Seneti, bado alijaribu kuupitisha mswada uliopunguzwa makali. Tarehe 14 Julai alifariki ghafla nyumbani kwake Washington, na ahadi nyingi za kura zikaenda naye. Tarehe 22 Seneti iliurudisha mswada kwenye kamati kwa kura 70 dhidi ya 20. Seneta Hiram Johnson wa California, naye akiwa na miaka 70, aliuliza kama Mahakama ya Juu sasa imetoka katika shauri hili. Alipojibiwa kuwa imetoka, alimtukuza Mungu kwa sauti, na watu waliokuwa roshani wakapiga makofi.