Mwalimu wa Kusoma Naye Afundishwe Kwanza

Watu wengi wanazani kwamba mtu anayejua kusoma anaweza vilevile kufundisha wengine kusoma. Tunampa kijana kitabu na ubao, tunamwonyesha kalasi, kisha tunasema: Fundisha. Mwaka ukiisha tunashangaa: watoto wanaimba ukurasa mzima kwa kichwa, lakini ukiwaonyesha neno moja katikati ya ukurasa hawalijui. Kosa si la watoto. Zamani padri mmoja aliona neno hili, akatoa mali na heshima yake juu ya kulitengeneza. Ndiye Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle.

I. Namna watoto walivyofundishwa

Katika karne ya 17, watoto maskini wa miji ya Ufaransa walikuwa na masomo machache, na mara nyingi walimu wao hawakutayarishwa hata kidogo. Mwalimu alikaa mezani, akaita mtoto mmoja, akamsomesha mistari michache, akamrudisha, akaita mwingine. Wakati ule wote waliobaki walikaa bure ao walicheza. Tuhesabu: katika kalasi ya watoto 60, mwalimu akifundisha saa tatu, kila mtoto anapata dakika tatu tu. Tena, mtoto alianza kwa kusoma Kilatini, lugha asiyoisikia kwa mama yake. Wengi walitoka masomoni kwenda kazini mbele ya kujua kusoma lugha yoyote.

Kulikuwa na mapadri waliosikitika. Katika Lyon, Padri Charles Démia alifungua seminari ya kutayarisha walimu karibu na mwaka 1672. Lakini aliyeshika kazi hii mpaka mwisho ni kijana wa Reims.

II. Padri aliyekaa pamoja na walimu

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa Reims mwaka 1651, katika jamaa ya watu wenye mali. Alikuwa kanoni wa kanisa kubwa, akapata upadri mwaka 1678. Mwaka uliofuata Adrien Nyel alifika Reims kufungua masomo ya maskini, naye La Salle akamsaidia. Upesi akaona kwamba walimu wenyewe hawana malezi: kila mmoja alifundisha ginsi alivyotaka. Mwaka 1681 aliwaingiza katika nyumba yake mwenyewe, wakae naye na kula naye. Ndugu zake walikasirika sana, kwani walimu walihesabiwa kuwa watu wadogo.

Walimu nao walikuwa na mashaka. Alipowaambia watumainie Mungu, walimjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo kwa mtu mwenye mali na cheo. Neno lile lilimchoma. Mwaka 1683 aliacha ukanoni, na wakati wa njaa ya 1684 na 1685 aliwagawia maskini mali yake.

Kisha mapadri wa vijiji walimwomba walimu. Mafrere wake hawakutosha, nao hawakutumwa mmoja mmoja. Kwa hiyo, karibu na mwaka 1685, alifungua katika Reims seminari ya walimu wa vijiji. Mwaka 1699 alifungua nyingine katika Paris, parokia ya Saint-Hippolyte, na pembeni yake masomo ya watoto maskini, ili vijana wajifunze kazi mbele ya watoto wenyewe. Hapa ndipo kiini cha habari yetu. Mvuvi hamfundishi mwana wake kutupa wavu ndani ya nyumba, anampeleka ziwani.

Kazi hii ilipata adui. Walimu wa kuandika wa Paris walimshitaki kwa sababu watoto walifundishwa bila malipo, na mwaka 1706 baraza kubwa la hukumu la Paris lilimkataza kufungua seminari ya walimu. Nyumba ile ya Paris ilikufa, lakini maarifa yake hayakufa.

III. Kitabu kilichotoka kalasini

Pamoja na Mafrere wenye kuzoea kazi, La Salle aliandika kitabu cha uongozi wa masomo, Conduite des écoles. Kiliandikwa kwa mkono mwaka 1706, kikapigwa chapa Avignon mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Ndani yake kusoma kumepangwa katika mafundisho tisa: alfabeti, silabi, kitabu cha silabi, kisha vitabu kwa zamu, mpaka barua zilizoandikwa kwa mkono. Mtoto hakupandishwa mbele ya kujaribiwa.

Watoto wa fundisho moja walikuwa na kitabu kimoja. Mmoja alisoma kwa sauti, wote wengine walifuata. Akikosa, mwalimu hakupiga kelele. Aligonga kifaa kidogo, na mtoto alirudilia neno. Akishindwa, mwenzake alimsahihisha. Hivi dakika tatu zikawa fundisho zima kwa kila mtoto.

Mlezi wa walimu wapya naye aliwekewa kanuni: kwanza kuwaondolea makosa, kisha kuwapa fazila. Kosa la kwanza la kuondoa ni hamu ya kusema mno.

Askofu wa Chartres, Paul Godet des Marais, alitaka watoto waanze kwa Kilatini. La Salle alimwandikia sababu zake: lugha ambayo mtoto anaisikia kila siku ni rahisi zaidi, inaliwa na wakati mdogo, na anayeijua vema atafika upesi kwenye Kilatini.

IV. Kwetu

Mafrere wa La Salle walifika Boma mwaka 1909, na mwaka 1950 Papa Pio XII alimtaja Mtakatifu huyu kuwa msimamizi wa walimu wote. Lakini mashindano yale ya lugha yalifika kwetu pia. Mwaka 1962 Kifaransa kiliamriwa tangu kalasi ya kwanza. Sheria ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa, Kiswahili kati yao. Sheria ni njema, walakini sheria haishiki chaki.

Basi, wandugu mapadri, tusimtume katekista kufundisha kusoma mbele ya kumkalisha siku nyingi karibu na mwalimu hodari, na mbele ya kumtazama yeye mwenyewe akifundisha. Tumwonyeshe kwamba katika Kiswahili mb, nd na ng’ zinasomwa pamoja na vokali yake, ba kisha mba, da kisha nda, wala si kwa kutaja herufi moja moja. Tumzoeze kunyamaza ili mtoto asome. Na ninyi, maseminari, mkipelekwa misioni wakati wa likizo, ombeni kalasi ya wadogo. Mtu aliyefundisha watoto kumi kusoma kweli anajua pia namna ya kuwahubiri wazazi wao.