Asili ya Kazi ya Zimamoto

Msomaji, bila shaka umekwisha kuliona gari la zimamoto likipita mbio barabarani, king'ora kikilia, na magari mengine yakijitenga kando kulipisha. Waliomo humo hawaulizi kwanza kama mwenye nyumba inayoungua ni tajiri au maskini. Jambo hilo twaliona la kawaida, kana kwamba limekuwako tangu dunia kuumbwa. Sivyo. Ilipita miaka mingi, na hasara na vifo vingi, kabla watu hawajakubali kuwa uhai wa jirani ni dhamana ya wote.

Tuanze na mji wa Rumi ya kale. Nyumba zake nyingi zilikuwa za ghorofa, zimesongamana, na mbao zake zilishika moto upesi. Alikuwako tajiri mmoja, jina lake Crassus, aliyekufa mwaka 53 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwandishi Plutarch asimulia kwamba nyumba iliposhika moto, Crassus aliinunua pamoja na zile zilizopakana nayo kwa bei ya chini, kwa kuwa wenyewe walikuwa wamejawa na hofu. Mwenye msiba alilia, na mwenye fedha alichuma. Baadaye, katika mwaka wa 6 baada ya Kristo, Kaisari Augusto aliunda jeshi la walinzi wa usiku. Lilikuwa na vikosi 7, na kila kikosi kililinda mitaa 2 katika mitaa 14 ya mji. Askari wake wa kwanza walikuwa watumwa walioachwa huru. Walizunguka gizani wakiwa na ndoo na mashoka, wakitafuta moto na kukamata wezi. Watu waliodharauliwa ndio waliokabidhiwa usingizi wa mji mzima.

Sasa twende Uingereza. Tarehe 2 Septemba 1666 moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate mjini London. Uliunguza siku kadha wa kadha, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000 na makanisa 87. Baada ya msiba huo ikaanza biashara ya bima ya moto. Kampuni za bima ziliajiri wazimaji wao wenyewe, zikatundika kibao cha madini ukutani kwa kila nyumba iliyolipiwa. Huo ulikuwa msaada mkubwa, lakini ulikuwa na kasoro. Kazi ya wazimaji wale ilikuwa kulinda mali iliyowekewa bima. Haikuwa sheria kwao kumlinda kila mtu.

Aliyeleta mabadiliko makubwa alikuwa James Braidwood. Mwaka 1824, naye akiwa kijana tu, alipewa uongozi wa kikosi cha zimamoto cha mji wa Edinburgh, kikosi kilichowekwa kwa ajili ya mji wote. Aliwachagua maseremala, waashi na waezekaji, kwa kuwa watu hao walijua jinsi nyumba inavyojengwa, na kwa hiyo walijua jinsi inavyoanguka. Aliwafunza mazoezi kwa bidii. Aliwafundisha pia wasisimame mbali wakirusha maji ovyo, bali waingie ndani walifikie chimbuko la moto. Mwaka 1833 kampuni 10 za bima za London ziliunganisha vikosi vyao, nazo zikamwita Braidwood aviongoze.

Tarehe 22 Juni 1861 maghala yaliyo kando ya mto Thames, karibu na barabara ya Tooley, yalishika moto. Braidwood alikuwa akiwatazama na kuwatuliza watu wake waliochoka, ndipo ukuta ukamwangukia akafa. Moto ule haukuzimika kabisa ila baada ya majuma mawili. Hasara ilikuwa kubwa hata kampuni za bima zikaiambia serikali kuwa mzigo huo umezishinda. Basi mwaka 1865 Bunge lilipitisha sheria, na tangu tarehe 1 Januari 1866 zimamoto ya London ikawa kazi ya umma, igharimiwayo na umma. Lililokuwa bidhaa limegeuka kuwa haki.

Hata hivyo kikosi bora hakifai kitu ikiwa habari hazikifikii. Mwezi wa Novemba 1935 nyumba moja ya London iliungua, na wanawake 5 wakafa. Jirani alipiga simu, lakini akaachwa akingoja zamu yake pamoja na wapigaji wengine wenye haja ndogo ndogo. Malalamiko yalienea, na tarehe 30 Juni 1937 ikaanzishwa namba 999, ipate kujibiwa kabla ya nyingine zote. Namba hiyo unaijua, kwa maana hata Kenya twaitumia.

Na sisi tumepata somo letu. Tarehe 7 Agosti 1998, asubuhi, bomu lililipuka penye ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani likaporomoka. Watu 213 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Wapita njia walikimbilia mahali pale wakafukua kifusi kwa mikono mitupu, na waokoaji wenye vyombo maalumu wakaja kutoka nchi za nje, wakiwamo Waisraeli. Mapenzi ya wananchi hayakupungua siku ile. Kilichopungua kilikuwa vyombo na mafunzo. Jirani mwema asiye na ujuzi aweza kumsogeza majeruhi na kumwumiza zaidi, au kukanyaga kifusi kikamlemea aliye chini yake.

Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kazi ya zimamoto kwa serikali za kaunti, na kifungu cha 43 chakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Maneno hayo ni mazuri. Lakini karatasi haizimi moto wala haifungi jeraha. Yanahitaji watu.

Wahenga walisema ajali haina kinga. Usemi huo ni kweli kwa ajali yenyewe, wala si kweli kwa madhara yake, kwa kuwa madhara hupunguzwa na aliyejiandaa. Kwa hiyo, kijana, ukipima kazi utakayoifanya baada ya masomo, usiidharau hii. Yataka mwili wenye nguvu, utii, na moyo usiobabaika. Yataka pia hesabu, ili ujue nguvu za maji katika mpira, na sayansi, ili ujue mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Mshahara wake huenda usiwe mkubwa, na hatari yake ni ya kweli. Lakini fikiri: usiku nyumba yenu ikishika moto, ungependa anayekuja awe mtu wa namna gani? Mtu wa namna hiyo hana budi kutoka katika darasa fulani. Yawezekana ni lako.