Wingi wa Ubini: Jinsi Majina ya Mwisho Yanavyoenea na Kutoweka

Wingi wa ubini ni kiasi cha watu wenye jina moja la mwisho katika nchi au eneo fulani, na mara nyingi hutajwa kwa asilimia. Korea Kusini inaongoza kwa kutolewa mfano: katika sensa ya mwaka 2015, jina Kim peke yake lilibebwa na asilimia 21.5 ya watu, na ukijumlisha Lee na Park unakaribia asilimia 45. Lakini takwimu ya namna hii haina maana mpaka ujue jina hurithishwaje. Hata akina Kim si watoto wa babu mmoja. Mwishoni mwa enzi ya ufalme wa Joseon, watu wengi wa kawaida wasiokuwa na ubini walijitwalia majina ya koo kubwa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, mtu huitwa jina lake, la baba yake, kisha la babu yake. Salum, mtoto wa Juma Hamisi, ataandikwa Salum Juma Hamisi. Salum akimzaa Rashidi, mtoto huyo atakuwa Rashidi Salum Juma. Hamisi ameshatoka kwenye karatasi, ingawa ukoo upo palepale na pengine umeongezeka. Kwa hiyo ukikuta watu wengi wa pwani wenye ubini wa Juma au Hamisi, hujapima ukubwa wa ukoo wowote. Umepima ni wazee wangapi waliitwa hivyo walipozaliwa, mara nyingi kwa sababu tu walizaliwa Ijumaa au Alhamisi. Tahajia nayo huivuruga hesabu: bara huandikwa Hamisi, Omari na Rashidi; Zanzibar ni Khamis, Omar na Rashid; na Ali huweza kuwa Ally kwa ndugu wa tumbo moja, kutegemea karani aliyeshika kalamu siku ya kuandikisha. Daftari linalohesabu herufi litawaona kuwa watu wa majina mawili.

Wakikuyu wana utaratibu wao, na ni wa kupendeza sana. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau, naye humzaa Kamau wa Njoroge. Kwa njia ya wazaliwa wa kwanza, majina mawili hupokezana bila kikomo na hakuna linalokufa. Wadogo zao ndio huingiza majina ya upande wa mama. Matokeo yake ni akiba ndogo ya majina inayozunguka, hivyo Kamau, Mwangi na Njoroge wako kila mahali.

Rwanda na Burundi ziko upande mwingine. Kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, hivyo ndugu watano wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Jina kama Habimana au Uwimana limeenea kwa sababu wazazi wengi, kila mmoja kwa nafasi yake, walitaka kumtaja Mungu.

Jina lililoganda, yaani linalorithiwa bila kubadilika kizazi hadi kizazi, kama Mushi, Massawe, Lyimo au Swai kule Kilimanjaro, ndilo hufuata hesabu ya koo. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza kwa nini koo maarufu hupotea, na mwaka uliofuata yeye na kasisi Henry William Watson wakachapisha jibu la kihesabu. Tuchukue kwamba kila mwanamume ana nafasi sawa ya kupata wana wa kiume sifuri, mmoja au wawili. Katika kizazi cha kwanza, jina lililoanza na mtu mmoja lina uwezekano wa theluthi moja wa kukatika. Kufikia kizazi cha pili uwezekano huo umepanda hadi takriban asilimia 48. Hakuna vita wala njaa hapo, ni bahati ya kuzaa tu. Wastani wa wana ukiwa mmoja kwa kila mwanamume, kama katika mfano huu, jina litakufa mwishowe. Wastani ukizidi mmoja, baadhi ya majina huponyoka na kukua. Ndiyo maana nchi zenye ubini wa kale huwa na majina machache makubwa.

Nguvu nyingine ni uhamiaji. Nchini Marekani, Garcia lilikuwa la 8 kwa wingi katika sensa ya mwaka 2000, likawa la 6 mwaka 2010, huku Smith likibaki la kwanza.

Nguvu iliyo nzito zaidi ni sheria. Wasweden wengi walikuwa wakitumia jina la baba, kama sisi wa pwani, na kanuni ya mwaka 1901 ikasukuma majina hayo yagande. Andersson na Johansson yakabaki kileleni kwa sababu Anders na Johan walikuwa wengi wakati wa kuganda.

Jambo hilohilo linaendelea pwani sasa. Familia inayosafiri hupata taabu pale baba na mtoto wanapotofautiana jina la mwisho kwenye pasipoti, hivyo wengi huchagua jina la babu mmoja na kulishika. Anayechaguliwa ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye vyeti vya kwanza. Wazee wa kabla yake, hata wawe waasisi wa mtaa, hawataonekana katika orodha yoyote ya ubini.