Alama Nne kati ya 4,000: GPA ya 3.8 na Umahiri wa Wanataaluma Vyuoni

Katika mijadala ya kuimarisha vyuo vikuu vya umma nchini Tanzania, dai moja limerudiwa hadi limekuwa kama kanuni: tusilegeze vigezo vya kuajiri, tusomeshe wanataaluma hadi uzamivu, ubora utafuata. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kama HEET, unaotokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 uliotolewa 2021, umetenga sehemu ya fedha zake kwa masomo hayo. Sina ugomvi na masomo. Ninachokipinga ni dhana kwamba kuchuja na kusomesha ndiyo usimamizi mzima wa rasilimali watu.

Tuanze na mchujo. Mkufunzi msaidizi anatakiwa awe na GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza. Mhadhiri msaidizi anaongezewa sharti la 4.0 katika uzamili, na lile la 3.8 linabaki palepale.

Tupige hesabu. Chukua wahitimu wawili waliosoma kozi 40 zenye uzito sawa, kwa utaratibu ambao B huanzia alama 50 na ina pointi 3, na B+ huanzia 60 na ina pointi 4. Anayepata B+ katika kozi 32 na B katika 8 anafikisha 3.8 kamili, si haba, lakini si kipaji cha ajabu pia. Mwenzake ana B+ 28 na B 12, hivyo anaishia 3.7. Ikiwa katika kozi nne zinazowatenganisha mmoja alipata 60 na mwingine 59, wametofautiana kwa alama nne kati ya 4,000. Wote wana daraja la pili la juu. Mmoja njia ya uprofesa iko wazi mbele yake. Mwingine, hata akifaulu uzamili kwa kishindo, amefungiwa mlango. Na huenda kozi mojawapo ilikuwa ya lazima ya mwaka wa kwanza, isiyohusiana kabisa na fani yake, iliyosahihishwa na mhadhiri mwenye mkono mzito. Sijui kipimo chochote cha elimu kinachoweza kubeba usahihi wa namna hiyo.

Watetezi wa kigezo hiki husema kinazuia undugu na kujuana. Hoja ina uzito, na anayeipuuza hajui nguvu ya kimemo kutoka kwa mkubwa. Lakini kuzuia upendeleo ni suala la haki katika ajira. Halitwambii kama aliyeajiriwa anaweza kufundisha. Isitoshe, usaili wa ushindani unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira uliwekwa kwa ajili ya tatizo hilohilo.

Baada ya ajira hali ni nyepesi zaidi. Kijana anaripoti na muda si mrefu amekabidhiwa semina. Kipindi cha majaribio cha miezi 12 mara nyingi huisha kwa fomu kujazwa. Kisha anakwenda masomoni, mzigo wake wanabebeshwa wenzake, na akirudi cheo chake kinategemea zaidi machapisho. Ufundishaji unaachiwa dodoso za wanafunzi na warsha za siku chache. Norway, ambayo haina uhaba wa wenye uzamivu, tangu 2019 inadai mafunzo ya ufundishaji yasiyopungua saa 200 kwa nafasi za kudumu za kitaaluma. Tutaambiwa Norway ina fedha. Sawa, ila sisi tunakopa fedha hizo kwa jambo lililo ghali zaidi.

Napendekeza kigezo kishuke hadi 3.5, linakoanzia daraja la pili la juu, na kuthibitishwa kazini kutegemee mambo yanayoonekana: vipindi vilivyofundishwa mbele ya watathmini wawili, mtihani uliotungwa na kuhakikiwa, na kazi za wanafunzi zilizosahihishwa kwa maoni yanayosomeka. Pasipo hayo, huenda HEET ikatuletea wenye uzamivu wengi bila mwanafunzi kuona tofauti yoyote darasani. Gharama ya kuanza si kubwa: watathmini tayari wako idarani, na miezi 12 tayari imo katika masharti ya ajira.