Mchoro Uliosomwa Nusu

Kama umesoma uundaji wa programu, ule mchoro lazima umeuona: visanduku vinashuka kama ngazi. Mahitaji, uchambuzi, usanifu, kuandika programu, majaribio, matumizi. Ukishashuka ngazi moja, hurudi nyuma. Unaitwa maporomoko ya maji, na vitabu vingi vinamtaja Winston Royce kuwa ndiye baba yake.

Sasa hebu tumsome Royce mwenyewe. Mwaka 1970, mhandisi huyu wa Marekani, aliyekuwa na uzoefu wa miaka tisa katika programu za vyombo vya angani, alichapisha makala fupi. Mchoro umo kweli, tena mwanzoni. Lakini hapo hapo anaonya kwamba ukiufuata hivyo ulivyo, unajitafutia hasara. Kwa nini? Majaribio yako mwishoni. Kosa la usanifu linagundulika wakati muda na pesa vimeshakwenda. Kurasa zinazofuata ni tiba: jenga mara mbili, toleo la kwanza liwe la kujifunzia, mshirikishe mteja mapema. Neno “maporomoko” halimo kabisa.

Kumbe watu walibeba picha, wakaacha maelezo! Mwaka 1985 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa kiwango cha DOD-STD-2167, ambacho wengi walikielewa kama amri ya kushuka ngazi moja baada ya nyingine.

Februari 2001, wataalamu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika Ilani ya Ajaili. Walitanguliza watu kuliko taratibu, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka, ushirikiano na mteja kuliko mabishano ya mkataba, na kukubali mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Royce hakuwahi kuiona. Alifariki mwaka 1995. Wala usimfanye mwana-ajaili: yeye alitaka nyaraka nyingi mno.

Je, ilani nayo imesomwa yote? Mwisho wake inasema wazi kwamba nyaraka na mipango vina thamani pia, ila hivyo vingine vina thamani zaidi. Sentensi hiyo wengi wanairuka. Ndiyo maana utakuta timu inafanya kikao cha kusimama kila asubuhi, haina mpango wala nyaraka, na mteja hajaonyeshwa kitu tangu mradi uanze, halafu inajiita ya ajaili.

Kwa hiyo, kabla hujabandika mchoro wowote kwenye ripoti yako ya mwaka wa mwisho, fungua makala ulikotoka. Soma na ukurasa unaofuata.