Marufuku ya Silaha Vituoni Marekani

Septemba 1776, huku vita vya kujitenga na Uingereza vikiwa vimepamba moto, wajumbe wa Delaware waliandika katiba ya jimbo lao. Ibara ya 28 ilikataza mtu yeyote kufika na silaha mahali pa uchaguzi. Siku hiyo wanamgambo wasifanye gwaride, na vikosi vya jeshi vikae mbali kwa zaidi ya maili moja, kuanzia saa 24 kabla ya kura hadi saa 24 baada yake. Walioandika hayo hawakuwa maadui wa bunduki. Walikuwa vitani, na walijua fika mtutu unavyoweza kumbadilishia mtu uamuzi.

Katazo hilo lilipata uzito mpya baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Wanaume Weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani juzijuzi tu, walipata haki ya kupiga kura. Magenge ya wazungu yakaapa kuwazuia kwa risasi. Mwaka 1870 Louisiana ilipiga marufuku bunduki, bastola na visu vya kupigania, viwe vimefichwa au vinaonekana, ndani ya nusu maili kutoka kituo cha kupigia kura au cha kujiandikisha. Texas ilifuata.

Sheria ilikuwepo, wa kuisimamia ndio waliokosekana. Aprili 13, 1873, Jumapili ya Pasaka, wazungu waliokuja na bunduki na mzinga waliizingira mahakama ya Colfax, Louisiana, iliyokuwa ikilindwa na Weusi kufuatia mzozo wa uchaguzi wa 1872. Makumi ya Weusi waliuawa, wengi wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Watatu tu ndio waliotiwa hatiani, na mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikawaachilia nao. Ni doa kubwa katika historia ya mahakama hiyo.

Juni 2022, katika hukumu ya Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Bruen, iliyopanua haki ya kubeba silaha hadharani, Jaji Clarence Thomas alikubali kwamba vituo vya kura vinaweza kuwekewa marufuku. Miezi michache baadaye, huko Mesa, Arizona, watu wenye silaha, barakoa na fulana za kuzuia risasi walikesha karibu na sanduku la kura zilizojazwa nyumbani. Jaji wa shirikisho aliliamuru kundi lililoandaa doria hizo lisionyeshe silaha ndani ya futi 250 kutoka masanduku hayo.

Colorado na New Mexico zimeweka mpaka wa futi 100 kuzunguka vituo vya kura. Pennsylvania haina sheria mahsusi ya namna hiyo, na bunge lake linapaswa kuitunga.